BUNDUKI HAIZEEKI: kwa nini silaha kuukuu ziko kwa kila mjadala wa usalama

Uzi 🧵

1/ Kila msimu wa siasa utaskia moja kati ya hizi mbili: "Tutaondoa bunduki zote haramu" au "Raia wapewe bunduki wajilinde." Watu wanapiga makofi, mjadala unaisha. Hakuna anayesema kwamba bunduki nyingi zinazozungumziwa ni nzee kuliko mwenye kushika maikrofoni. Leo tuongee juu ya silaha kuukuu: zilitoka wapi, nani huzikusanya, zinauzwaje, zinasafishwaje, na kwa nini hilo ni jambo la siasa.

2/ Kanuni za uzi huu ni zile zile. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaka kampeni, kuna akaunti zingine. Hapa tunaelezana mambo, halafu kila mtu aende akapige kura na akili yake. Twende.

3/ Tuanze na hesabu. Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, ilikadiria kwamba kufikia 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000. Zilizosajiliwa? 8,136. Soma tena. Yaani kwa kila bunduki moja yenye cheti, kuna karibu tisini zisizo na karatasi yoyote. Ni makadirio, si sensa, lakini ukubwa wa pengo unatosha kutushtua.

4/ Kwa hivyo mtu akisema "tukaze sheria ya leseni," anaongea juu ya zile elfu nane. Zile zingine hazijawahi kuona ofisi ya leseni. Zimepita mikono kwa mikono, baba hadi mwana, mpaka hadi mpaka, ng'ombe kwa chuma. Kuzielewa ni lazima turudi nyuma kidogo. Vumilieni historia, ni fupi.

5/ Karne ya 19, pwani yetu ilikuwa soko kubwa la bunduki. Ulaya majeshi yalikuwa yanabadilisha silaha kila baada ya miaka michache. Zile za zamani zikaenda wapi? Zilipakiwa melini zikaletwa Zanzibar, zikauzwa bara kwa pembe za ndovu na watumwa. Ndiyo maana Kiswahili kina neno gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Neno halikuja bure, lilikuja na mzigo.

6/ 1890 mataifa ya Ulaya yakakaa Brussels na kuweka mkataba. Pamoja na mambo ya utumwa, walizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Lakini gobori la jiwe, lenye mtutu laini usio na mifereji ndani, liliruhusiwa na masharti. Unaona hapo? Wazo la kwamba "bunduki kuukuu si tatizo" lina zaidi ya miaka 130, na liliwekwa na watu waliotaka sisi tubaki na za zamani, wao wabaki na mpya.

7/ Haikufanya kazi vizuri. Ufaransa ilipoacha bunduki ya Gras ya 1874 na kuchukua mpya ya 1886, zile za Gras ziliingia Ethiopia kwa wingi. Kutoka huko zikashuka hadi Maji, mji wa kusini-magharibi mwa Ethiopia uliokuwa soko la pembe na bunduki, na kutoka Maji zikafika Turkana. Takataka ya jeshi la Paris ikawa nguvu mpya kando ya ziwa letu.

8/ 1918 Waingereza walituma msafara mkubwa wa kijeshi dhidi ya Waturkana. Walichukua mifugo, wakachukua bunduki. Majirani wa upande wa pili wa mpaka hawakupokonywa. Matokeo? Waliopokonywa wakaanza kuvamiwa na wasiopokonywa. Weka hii kwa kumbukumbu, tutairudia, kwa sababu ni stori ile ile ya jana na juzi.

9/ Halafu kuna yale mafuriko ya karibu zaidi. 1979, serikali ya Kampala ilipoanguka, ghala la silaha la Moroto lilivunjwa na Wakaramojong wakabeba walichoweza. 1991, Mogadishu ikaanguka Januari na Addis Ababa ikaanguka Mei. Mwaka mmoja, majirani wawili, maghala mawili ya nchi nzima wazi. Bunduki zilizotoka hapo leo zina miaka thelathini na kitu sokoni, na nyingi zilitengenezwa kabla ya hapo.

10/ Na tusisahau za serikali yenyewe. Kwa miaka mingi polisi wa akiba, wale wazee wetu huko juu huwaita homeguard, walipewa bunduki walinde vijiji na mifugo. Baadhi zilikuwa Lee-Enfield, ile watu huita Mark 4, muundo wa Vita vya Pili vya Dunia. Unavuta komeo, risasi moja, unavuta tena. Iliundwa kupigana na Hitler, ikaishia kulinda mbuzi.

11/ Sasa swali la msingi: mbona bunduki ya miaka sitini bado inafanya kazi? Simu yako ya miaka minne imekufa. Gari la miaka ishirini linalia. Bunduki ni chuma kizito chenye sehemu chache zinazosonga. Ikipakwa mafuta na kukingwa na unyevu, inampita mwenyewe kwa umri. Na hali ya hewa ya kaskazini ni kavu, kutu haina haraka. Ni mali inayorithiwa, kama shamba.

12/ Huko nje kuna watu wanaopenda silaha za kale kama vile wengine wanavyopenda stempu au sarafu. Wana maonyesho, minada, vitabu vya bei. Marekani, sheria ya 1968 inasema bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ni ya kale, na kwa sheria ya shirikisho haihesabiwi kama silaha ya kawaida. Kuna hata leseni maalum ya mkusanyaji kwa silaha zilizopita miaka 50.

13/ Na hao wakusanyaji wana kanuni moja inayoshangaza mtu wa nje: usisugue sana. Ile rangi ya uzee kwenye chuma, mikwaruzo kwenye kitako cha mbao, nambari na mihuri iliyogongwa kiwandani, ndiyo thamani yenyewe. Mtu akichukua msasa aifanye ing'ae, ameshusha bei papo hapo. Kusafisha kwao ni kuondoa uchafu na kuzuia kutu, si kufuta historia. Mihuri ndiyo inayosema bunduki ilitoka kiwanda gani, mwaka gani, ilipita jeshi gani.

14/ Shika hapo, kwa sababu ndipo penye tofauti kubwa na soko haramu. Mkusanyaji halali anataka alama zionekane. Muuzaji haramu anataka zipotee. Chuma ni kile kile, kitambaa na mafuta ni yale yale, lakini mmoja anatunza ushahidi na mwingine anaufuta. Ukitaka kujua kama biashara ya silaha ni safi, usiangalie bunduki inang'aa kiasi gani. Uliza nambari iko wapi na daftari iko wapi.

15/ Lakini msidhani nchi zilizoendelea zimemaliza hii hesabu. Uingereza iliachilia silaha za kale zimilikiwe bila cheti ikiwa ni kwa pambo au udadisi tu. Wahalifu wakaona mlango. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na leseni kabisa alipatikana na hatia 2017, kwa kuwauzia magenge bastola za kale pamoja na risasi alizotengeneza mwenyewe ziingie humo. Akafungwa miaka 30.

16/ Ndipo 2021 Uingereza ikabadilisha kanuni. Silaha lazima iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1939, na aina saba za risasi zikatolewa kwa orodha ya zile zinazohesabiwa "zimepitwa na wakati." Somo: umri wa bunduki peke yake si kinga. Kinachoamua kama bunduki ya babu ni pambo au ni silaha ni kama risasi yake inapatikana.

17/ Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu ndio moyo wa uzi huu: RISASI. Ile Gras ya 1874, ukiipata leo, ni fimbo ya chuma tu, risasi zake huzioni sokoni wala porini. AK ya miaka ya sabini ni hatari saa hii, kwa sababu risasi zake zimejaa kanda nzima. Bunduki hudumu miaka mia. Risasi hutumika mara moja, lazima inunuliwe tena. Kwa hivyo mnyororo wa risasi ndio unaoweza kukatika.

18/ Na hapa mjadala wetu huwa kimya kabisa. 2008 Small Arms Survey walichapisha utafiti kuhusu Turkana Kaskazini. Ganda la risasi huwa na alama ya kiwanda nyuma yake, basi watafiti walisoma maganda. Karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kiharamu eneo hilo zilikuwa zimetolewa na polisi wetu wenyewe, na zimetengenezwa kwa kiwanda chetu cha Eldoret.

19/ Kabla ya kukasirika, elewa sababu. Serikali haikuwa na maafisa wa kutosha mpakani. Kwa hivyo ikawapa wenyeji risasi wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka ng'ambo. Kwa mtu wa kule ilikuwa uhai. Lakini risasi haina uaminifu. Ikitoka ghalani bila hesabu, inauzwa, inabadilishwa, inarudi kupiga hata afisa aliyeitoa. Kwa hivyo mtu akisema "bunduki zinatoka Somalia tu," mwambie nusu ya stori iko nyumbani.

20/ Sheria yetu inasema nini? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mizizi yake ni 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Fikiria hiyo tarehe. Wapiganaji wa msituni walikuwa wanatengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, kosa lililompeleka kitanzini Februari 1957 lilikuwa kumiliki bastola na risasi. Sheria ya bunduki hapa haijawahi kuwa karatasi tu. Ilianza kama sheria ya kutawala watu.

21/ Leo, kumiliki bunduki si haki ya kuzaliwa, ni ruhusa. Unaomba cheti, unatoa sababu nzuri, unachunguzwa. Cheti ni cha mtu na bunduki fulani, si cha ukoo. Muuzaji lazima asajiliwe na aweke daftari. Na kuna kifungu cha 4A: ukipatikana bila kibali na AK-47, G3, MP5 au zinazofanana nazo, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu hakikuulizi ni ya mwaka gani.

22/ Juu ya hiyo kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004, mkataba wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Inataka silaha zigongwe alama na ziwekwe kwa rekodi, na inakataza raia kumiliki raifo za kujifyatua, hata zile za nusu kujifyatua. Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi jukwaani kwamba kila mchungaji atapewa yake, muulize: utajitoa kwa mkataba, ama hujausoma?

23/ Sasa "kusafisha" kwa maana ile nyingine. Desemba 2018 serikali ilitangaza kwamba wenye bunduki wote wenye leseni wakaguliwe upya, kisha vyeti vya kielektroniki vikaja. Sababu ni rahisi: kama cheti cha karatasi kinaweza kughushiwa, bunduki chafu inaweza kuoshwa. Inaingia haramu, inatoka na nambari na mmiliki. Ukaguzi wa rekodi ni kazi isiyo na picha nzuri za kamera, lakini ndiyo inayoziba hilo tundu.

24/ Linganisha na kazi yenye picha nzuri. Novemba 2016 kule Ngong silaha 5,250 zilichomwa mbele ya kamera. Ni jambo jema, sikatai, bunduki iliyoyeyuka haiuzwi tena. Lakini weka 5,250 kando ya 750,000. Kwa mwendo wa moto mmoja kama huo kila mwaka, bila mpya hata moja kuingia, tungehitaji zaidi ya miaka 140. Na mpya zinaingia.

25/ "Basi jeshi liende likazichukue." Hii pia imejaribiwa, na kumbukumbu zake ni za damu. Februari 1984, Wajir, operesheni ya kutafuta bunduki iliishia kwa mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwa ripoti yake ya 2013 ilisema idadi inakaribia elfu moja. Wanaume walilazwa juani wakiulizwa bunduki ziko wapi. Kuna familia hazijapata jibu hadi leo.

26/ Ndiyo maana ukiskia mzee wa Wajir, Pokot au Marsabit akisita kusikia neno "operesheni," usimwite mtetezi wa majangili. Anakumbuka. Na pia wakumbuke upande wa pili: Novemba 2012 zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa Bonde la Suguta. Vijana waliotumwa bila mipango. Uchungu uko pande zote, na hakuna upande ambao umelipwa kwa hotuba.

27/ Darasani tunaita hali hii mtego wa usalama. Kijiji A na kijiji B wote wangependa kuweka bunduki chini. Lakini A akiweka kwanza na B asiweke, A amekwisha. B naye anafikiria hivyo hivyo. Basi wote wanabaki nazo, na kila mmoja ana haki ya kuogopa. Si kwamba watu wanapenda vita. Ni kwamba anayetii sheria peke yake ndiye anayelipa bei.

28/ Mnakumbuka 1918? Hiyo ndiyo. Na 2019, polisi wa akiba waliporudisha bunduki sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, swali la wanavijiji lilikuwa moja tu: na wale wengine? Huwezi kumwambia mama aliyezika mtoto Bonde la Kerio kwamba raifo iliyokuwa kwa mlinzi wa kijiji ilikuwa tatizo la takwimu. Kwake ilikuwa ukuta. Ukibomoa ukuta, jenga mwingine kwanza.

29/ Kwa hivyo mtego unavunjwaje? Kwa mtu wa tatu anayeaminika na pande zote: kituo cha polisi kilicho karibu, barabara inayopitika, simu inayoshika, mahakama inayoita wezi wa pande zote mbili. Upokonyaji ufanyike pande zote kwa wakati mmoja, hata ng'ambo ya mpaka. Bila hayo, kusalimisha bunduki ni kamari, na maskini huwa hachezi kamari na mifugo yake yote.

30/ Sasa zile kauli za jukwaani, tuzijaribu moja moja.

"Ni bunduki kuukuu tu, haina neno." Uliza: risasi yake inapatikana? Kama ndiyo, ina neno.

"Tutazimaliza zote kwa siku mia." Uliza: zilizosajiliwa au zile laki saba? Na ng'ambo ya mpaka nani atafanya?

"Wapeni wananchi bunduki." Uliza: risasi atazihesabu nani, na zikipotea nani atajibu?

31/ Na maswali matatu ya kuuliza mgombea yeyote, awe wa ward au wa Ikulu:

Moja, utafanya nini na hesabu ya risasi za serikali, na ripoti itasomwa na nani?
Mbili, kati ya kuchukua bunduki na kuleta ulinzi, kipi kitatangulia kwa kalenda yako?
Tatu, waliodhulumiwa kwa operesheni za zamani watapata nini zaidi ya pole?

Akikosa jibu kwa yote matatu, umeshajua unasikiliza nini.

32/ Jambo la mwisho, kwa sababu najua DM zitakuja. "Babu yetu alifariki, tumepata gobori au raifo darini, tufanye nini?" Usiishike, usiisafishe, usiipige picha na kuiweka hapa, usimuulize rafiki kama ana mnunuzi. Acheni ilipo, ongeeni na wakili kama mnaweza, kisha mwarifu kituo cha polisi mkiwa na mashahidi wa familia. Kama ina historia, sema hivyo kwa maandishi, kuna makumbusho kwa kazi hiyo.

33/ Na hapo kuna pendekezo langu, mnaweza kulipinga. Nchi hii inahitaji njia iliyo wazi na isiyotisha ya familia kukabidhi silaha za kale bila kuogopa kifungo. Gobori la babu lenye hadithi ya ukoo likae kabatini makumbusho na jina la babu chini yake. AK iende tanuruni. Saa hii, kwa mtu wa kawaida, njia hizo mbili zinaonekana kama mlango mmoja wa seli, kwa hivyo zote zinabaki darini.

34/ Maoni yako wazi. Ukiwa wa kaskazini au Bonde la Kerio, tafadhali ongea, nyinyi mnaishi hii kitu, sisi wengine tunaisoma. Ukiwa wa Nairobi, sikiliza kwanza. Matusi na majina ya wanasiasa nitafuta, mnanijua. Wiki ijayo: deni la kaunti, na kwa nini wenye kulipwa huwa wa mwisho kujua. Sambaza kama umejifunza kitu.